Mtu wa Mapokezi: Wiki Tano za Kukodi Filamu za Buck Henry Jijini Mwanza

Kwa sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video, filamu ilikuwa na watu wawili tu, steringi na adui, na wengine wote walikuwa wapita njia. Tulilipa kiingilio, tukabanana kwenye mabenchi, tukauliza steringi ni nani, kisha tukatulia kwa imani moja kwamba steringi hauawi. Sikumbuki hata siku moja ambayo mtu yeyote bandani aliuliza jina la karani wa hoteli, la wakili mwenye miwani minene, au la mhasibu anayeuawa kabla filamu haijachanganya; na swali la nani aliyewaandikia maneno yao halikutujia kabisa. Nimeanza na kumbukumbu hiyo kwa sababu duka ninaloliandikia tathmini hii limejengwa juu ya swali hilohilo, na kwa sababu wiki tano nilizokodi filamu zake zimebadilisha namna ninavyotazama na, natumaini, namna ninavyoandika.

Duka liko ghorofa ya kwanza, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Makoroboi, juu ya duka la vitenge. Kibao chake ni kidogo na ngazi zake ni nyembamba, kwa hiyo anayekwenda mara ya kwanza aulize kwa wauza vitenge, ambao wamekwisha kuzoea kuulizwa. Linaendeshwa na mzee mmoja mstaafu na binti yake. Hawaingizi filamu kwenye flashi wala kwenye simu. Wanakodisha diski halisi, zikiwa ndani ya makasha yake, kwa shilingi 1,500 kwa siku tatu, na mteja mpya huacha dhamana ya shilingi 10,000 ambayo hurudishiwa anapofunga hesabu. Najua kwamba kuna vibanda mjini vinavyojaza flashi nzima kwa fedha hiyo. Mimi nimeilipa bila kinyongo, na sababu yangu ni kaunta buku.

Juu ya meza, kando ya runinga ndogo ya kujaribia diski, liko daftari kubwa la kaunta ambalo pembe zake zimeshikiliwa kwa selotepu. Humo filamu hazikupangwa kwa majina ya masteringi. Zimepangwa kwa majina ya waigizaji wa nafasi ndogo na ya waandishi wa skripti, kila mmoja na ukurasa wake, na kila ukurasa una safu tatu zilizopigwa kwa rula: jina la filamu, mwaka, na safu ya tatu yenye kichwa cha habari "Alifanya nini". Mwandiko ni wa mzee, mzuri, wa kuinama kidogo kulia, kama wa watu waliofundishwa kuandika kwa kalamu ya wino. Anayetafuta filamu kwa jina la steringi atasaidiwa pia, lakini atasaidiwa kwa kumbukumbu ya kichwani, maana daftari halikuandikwa kwa ajili yake.

Mimi ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari, na jioni ninaandika michezo ya redio kwa ajili ya kikundi cha vijana wa mtaani kwetu Nyakato. Siku ya kwanza nilimwamkia mzee, akaniitikia na kuendelea kufuta diski zake kwa kitambaa. Binti yake ndiye aliyenihudumia.

"Mwalimu, unataka filamu nzuri au unataka kujifunza kuandika?" akaniuliza, baada ya kusikia kazi yangu.

"Kujifunza kuandika, dada yangu."

"Basi chukua huyu. Anaandika, halafu anaingia mwenyewe kuangalia kama maneno yanatamkika."

Akanifungulia ukurasa wa Buck Henry, mwandishi wa skripti na mwigizaji wa Marekani. Kwenye safu ya tatu, mbele ya filamu ya mwaka 1967, mzee alikuwa ameandika: "Skripti. Pia mtu wa mapokezi hotelini."

Buck Henry alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1930 kwa jina la Henry Zuckerman. Mama yake, Ruth Taylor, alikuwa nyota wa filamu za kimya, na mwaka 1928 aliigiza nafasi kuu katika filamu ya Gentlemen Prefer Blondes. Huyu kijana, basi, alizaliwa na steringi, na hilo linanigusa, kwa sababu maisha yake yote yeye alielekea upande wa pili wa picha, kwa wale wanaosimama nyuma ya kaunta. Alisoma Chuo cha Dartmouth, akatumikia jeshi wakati wa Vita vya Korea, kisha akarudi New York, mahali ambapo mwandishi wa vichekesho alianza chini kabisa.

Kazi yake ya kwanza iliyomtambulisha haikuwa ya filamu wala ya jukwaa. Kuanzia mwaka 1959, akishirikiana na Alan Abel, alijitokeza hadharani kwa jina la G. Clifford Prout, rais wa chama kilichodai kwamba wanyama wote wavalishwe nguo kwa ajili ya kulinda maadili. Chama hicho kilikuwa cha kubuni, lakini Henry alikizungumzia kwa uso mkavu na kwa lugha ya heshima kiasi kwamba vyombo vya habari vilimpokea kama kiongozi wa kweli, na mwaka 1962 alihojiwa katika kipindi cha Walter Cronkite, mtangazaji aliyeaminiwa kuliko wengi Marekani. Nimelitafakari tukio hilo mara nyingi. Mwigizaji anayeweza kumshawishi mwandishi wa habari kwamba ng'ombe anahitaji suruali amekwisha kuijua siri ya nafasi ndogo: mhusika hajui kwamba anachekesha. Yeye ana kazi yake, ana sababu zake, na anazieleza kwa adabu.

Mwaka 1965, pamoja na Mel Brooks, alibuni tamthilia ya runinga ya Get Smart, kuhusu jasusi asiyejua kazi yake, na mwaka 1967 uandishi wake humo ulimpatia tuzo ya Emmy. Duka halina tamthilia hiyo, na sikuitegemea. Nililoliendea ni The Graduate, filamu ya mwaka huohuo wa 1967 iliyoongozwa na Mike Nichols kutokana na riwaya ya Charles Webb. Diski niliyopewa ilikuwa safi, picha ikitoka bila mistari na sauti ikisikika vizuri hata kwenye runinga yetu ya zamani. Maandishi ya chini yapo, lakini ni ya Kiingereza peke yake, kama ilivyo kwa diski zote nilizokodi, na hilo ni pungufu ambalo mteja asiyekijua Kiingereza vizuri anapaswa kulifahamu kabla hajapanda zile ngazi.

Filamu hiyo inamhusu Benjamin, kijana aliyetoka chuoni hivi karibuni, anayenaswa na mke wa rafiki wa baba yake. Nafasi hiyo ndiyo iliyompandisha Dustin Hoffman hadi kuwa steringi. Wengi wanaikumbuka kwa neno moja ambalo mgeni mmoja anamnong'oneza Benjamin kwenye sherehe ya kumpongeza, kwamba mustakabali uko kwenye plastiki. Neno hilo halimo kwenye riwaya. Limetoka kwa mwandishi wa skripti. Kulisikia leo, katika nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, ni jambo la kumfanya mtu asimamishe diski na kuirudisha nyuma.

Lakini sini iliyonifanya niandike haya ni ya hotelini. Benjamin amefika kukutana na yule mwanamke, anajikanyagakanyaga mbele ya mapokezi, na nyuma ya kaunta amesimama Buck Henry mwenyewe. Karani anamuuliza kama amekuja kwa ajili ya hafla. Neno la Kiingereza alilolitumia lina maana mbili, hafla na mapenzi ya siri, na kijana anaruka kana kwamba amemwagiwa maji ya moto. Niliwaza jinsi ya kulitafsiri na nikaona kwamba Kiswahili chetu kina neno lililo tayari: "Umekuja kwenye shughuli?" Shughuli ni harusi, na shughuli ni jambo lolote ambalo mtu hataki kulitaja kwa jina lake. Baadaye Benjamin anarudi kuomba chumba. Anaandika jina kwenye kadi, anashtuka, anaichana, anaandika la uongo. Karani haoneshi kushangaa. Anamuuliza tu kuhusu mizigo yake, kisha anataka kumwita mhudumu wa kuibeba, mpaka kijana analazimika kusema kwamba ana mswaki peke yake.

Niliitazama sini hiyo pamoja na mjomba wangu, ambaye alifanya kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni huko Kirumba kwa miaka 19. Si mpenzi wa filamu. Alikuwa ameketi pembeni akichambua dagaa kwenye ungo, na karani alipoanza kuuliza habari za mizigo, mikono yake ikasimama.

"Huyu amekaa kaunta," akasema.

"Huyo ndiye aliyeandika filamu, mjomba."

"Basi amekaa kaunta kwanza. Mgeni wa namna hiyo humuulizi swali la kumwumbua. Unamuuliza mzigo. Mzigo ndio unaosema."

Akaniomba niirudishe. Tuliitazama mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa ninamtazama Henry peke yake: kichwa kimetulia, sauti haipandi, macho yanamwangalia mgeni kwa subira ya mtu ambaye zamu yake haijaisha. Hafanyi kitu chochote cha kuchekesha. Kicheko chote kinatoka kwa Benjamin, na karani anakifanya kiwezekane kwa kuifanya kazi yake vizuri. Mwigizaji mwingine angekonyeza jicho au angekunja mdomo kutuonyesha kwamba amegundua siri, na sini ingekufa papo hapo. Nadhani aliweza kujizuia kwa sababu ndiye aliyeyapima maneno yale. Alijua kwamba yanatosha.

Wiki ya pili nilichukua Catch-22, ya mwaka 1970, ambayo pia iliongozwa na Nichols. Hapa duka liliteleza. Diski ilikwama katikati, ikarudia sekunde chache zilezile, na hatimaye mashine ikaitema. Niliirudisha kesho yake, binti akaijaribu kwenye ile runinga ndogo, akaona mkwaruzo, akaomba radhi, akanipa nakala nyingine bila kunidai na akaniongezea siku tatu. Hivyo ndivyo inavyopasa, ingawa nauli ya daladala ya kwenda na kurudi Nyakato haikurudi, na ningependa diski zote zijaribiwe mpaka mwisho badala ya dakika za mwanzo tu.

Riwaya ya Joseph Heller, iliyotoka mwaka 1961, inarukaruka katika wakati, na kutoa humo skripti ya filamu ni sawa na kukusanya dagaa waliomwagika mchangani usiku. Kwa maoni yangu skripti haikufanikiwa yote. Kuna mahali ambapo sikujua tuko siku gani, na sidhani kwamba kosa lilikuwa langu. Lakini Henry anaigiza humo Luteni Kanali Korn, msaidizi wa kamanda, na huyo nimemkumbuka kuliko marubani wote. Korn ni ofisa ambaye hajawahi kupandisha sauti na ambaye kila uovu kwake ni karatasi inayosubiri saini. Kila mtu aliyewahi kufuatilia faili katika ofisi yoyote amewahi kukutana naye.

Baada ya hapo nilizipita filamu kadhaa kwa haraka. What's Up, Doc? ya mwaka 1972, aliyoiandika pamoja na Robert Benton na David Newman, ilituchekesha nyumbani mpaka jirani akabisha hodi, na sina la kuongeza. The Man Who Fell to Earth, ya mwaka 1976, ni ngumu na ina mambo yasiyofaa kwa watoto. Duka lilinitahadharisha mapema, jambo ninalolishukuru. Humo Henry ni wakili wa hataza, yaani haki za uvumbuzi, Oliver Farnsworth, mwenye miwani minene kama sehemu ya chini ya chupa, anayemtumikia mgeni kutoka sayari nyingine aliyeigizwa na David Bowie. Bowie ndiye anayetoka mbinguni, lakini Farnsworth ndiye anayeonekana kustaajabu, na bila mshangao wake mdogo wa kiofisi tusingeamini.

Katika Gloria, ya mwaka 1980, iliyoongozwa na John Cassavetes, Henry hukaa kwa muda mfupi sana. Ni mhasibu wa genge la wahalifu aliyetunza hesabu zao na sasa wanakuja kumuua pamoja na familia yake. Anamkabidhi mwanawe mdogo daftari la hesabu hizo na kumwambia maneno ya mwisho, na filamu yote inayofuata ni ya mtoto huyo na daftari lile. Ndiye yule mhasibu tuliyempuuza bandani. Nilipokuwa mvulana nisingemkumbuka hata kwa dakika moja; safari hii nililazimika kutoka nje kidogo.

Heaven Can Wait, ya mwaka 1978, ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza. Henry aliiongoza pamoja na Warren Beatty, na wote wawili wakateuliwa kuwania Oscar ya mwongozaji bora, miaka kumi na moja baada ya The Graduate kumpatia Henry uteuzi wa skripti. Humo anaigiza msindikizaji wa roho za wafu ambaye, kwa huruma ya kutaka kumwepusha mtu na maumivu, anamchukua kabla ya siku zake. Kosa zima la hadithi ni la karani wa mbinguni aliyefanya haraka. Tazama jinsi anavyojitetea mbele ya mkubwa wake: ni mtu mpya kazini kabisa.

Kuna sehemu ya maisha yake ambayo daftari la mzee haliigusi, nami nadhani lingefaa kuigusa. Kati ya mwaka 1976 na 1980 aliendesha kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live mara 10, na katika kimoja cha mwaka 1976 upanga wa mwigizaji mwenzake, John Belushi, ulimpasua kwenye paji la uso wakiwa hewani. Alifungwa plasta akaendelea, na kabla kipindi hakijaisha wenzake nao wakajibandika plasta. Mwaka 1980 aliandika na kuongoza First Family, ambayo haikupokewa vizuri. Mwaka 1995 akarudi kwa nguvu na skripti ya To Die For, ambamo pia alijipa nafasi ya mwalimu. Alifariki Los Angeles tarehe 8 Januari 2020, akiwa na umri wa miaka 89. Mtu akiyaweka pamoja mafanikio na kuanguka kwake, anaona kwamba muda wote alirudi kwenye nafasi zilezile: karani, wakili, ofisa, mhasibu, mwalimu.

Ubora mwingine wa huduma, ambao sijauona mahali pengine mjini, ni karatasi ya nusu ukurasa inayowekwa ndani ya kila kasha, ikimweleza mteja amtazame nani na katika sini ipi. Karatasi ya The Graduate ndiyo iliyonielekeza hotelini kabla sijabonyeza kitufe. Hata hivyo ina kosa ambalo sikuweza kuliacha lipite. Inasema kwamba Henry aliandika skripti peke yake, ilhali jina la Calder Willingham limo pia kwenye filamu yenyewe, na wote wawili waliteuliwa kuwania Oscar pamoja. Duka lililojitoa kuwatunza watu wanaosahauliwa haliwezi kumsahau mmoja wao. Kasoro nyingine ni ya saa. Duka hufungwa saa 12 jioni, wakati ambao wengi wetu ndiyo kwanza tunatoka kazini, na Jumapili halifunguliwi.

Katika wiki hizo nilikuwa ninaandika mchezo kuhusu kijana anayetoroka kwao kwa kivuko cha Kamanga. Mkatisha tiketi kwenye mchezo wangu alikuwa na neno moja, "Nauli", na kijana akapita zake. Baada ya sini ya hotelini nilirudi kwenye ukurasa ule. Sasa mkatisha tiketi anahesabu chenji, anaitazama mikono mitupu ya kijana, na kuuliza, "Utarudi na kivuko cha jioni?" Kijana anakosa jibu. Kijana wa kikundi chetu anayeigiza nafasi hiyo alikuwa akiomba kila wiki apewe nyingine. Tangu ukurasa huo ubadilike hajaomba tena.

Siku ya kufunga hesabu nilimweleza mzee habari za Willingham. Niliogopa kwamba ataona ninamkosoa. Alivaa miwani yake, akanitaka nimtajie jina herufi kwa herufi, akachukua rula, akafungua ukurasa mpya na kupiga safu tatu. Aliandika jina, filamu na mwaka. Alipofika kwenye safu ya tatu akainua kichwa.

"Na huyu alifanya nini, Mwalimu?"

"Skripti, mzee. Pamoja na Henry."

Akaandika "Pamoja na Henry", akasubiri wino ukauke, kisha akanihesabia shilingi zangu 10,000. Nilimrudishia palepale, kwa ajili ya ukurasa unaofuata.